Diplome Ndani ya Shu

Sijue Kifaransa, lakini mutu akirudilia maneno moja mara tano, masikio yangu inasikia. Njo vile nilimukamata mujukuu wangu.

Ilikuwa wakati ya vita ya pili. Basoda, maaskari, balikuwa banageuka kama majira: hawa banatoka, bengine banaingia, na sisi tunabadilisha tu salamu. Tulikuwa tunakaa Rughenda, hapa Butembo, karibu na kiwanja ya ndege. Mujukuu alikuwa wa binti yangu wa kwanza. Mama yake alikufa na ugonjwa ya tumbo. Baba yake alienda Mangurejipa kutafuta zahabu, na zahabu ikamukamata yeye, hatukumuona tena. Nilimulea na maharagi. Hii siyo mufano. Ilikuwa maharagi ya kweli, ingine niliuza sokoni, ingine alikula, na akasoma mpaka akapata diplome ya Serikali, section ya biashara. Kwetu hakuna mwanamuke alikuwa ameishaipata. Ile karatasi niliibeba kwa padri, kwa majirani, kwa muuza nyama. Muuza nyama alisema, "Mama, si uliishanionyesha jana?"

"Angalia tena," nikamuambia.

Mimi mwenyewe nilisoma Vuhovi, myaka mbili. Mwaka ya tatu tata, baba yangu, alisema mbuzi hajue kujichunga. Nikachunga, mbuzi akanenepa, kaka yangu akasoma. Sikulia. Nilifikiri njo vile dunia iko.

Basi siku moja, kiisha misa, balisoma tangazo kanisani: chuo moja ya biashara kule Beni itapokea banafunzi bapya, lakini kwa konkuru, maana yake mutihani ya kuingilia. Munaandika bengi, banakamata kidogo. Nilikuwa nyuma, karibu na mulango. Sikungoja baraka ya mwisho, Mungu anisamehe. Nilitoka mbio kumutafuta mutoto.

Mwalimu wake wa zamani alikuwa mutu wa Kasai. Serikali ilimutuma kwetu mbele ya vita, kiisha ikamusahau. Mushahara hakuna, njia ya kurudi kwao hakuna. Alikuwa anakuja kwa baraza yangu saa tisa, anakula sahani ya maharagi na ndizi, anapanguza kinywa, anafundisha. Alimuachia mujukuu kaye, daftari kubwa ya gamba nyekundu. Masomo ya myaka yote ilikuwa ndani, ameandika na mukono yake mwenyewe.

"Mama," akaniambia, "konkuru inaweza kuuliza ukurasa wowote. Asiruke hata moja."

"Hataruka. Mimi njo polisi."

Donc, nikakuwa polisi. Kila siku, mbele jua haijashuka, nilikaa na lungo yangu nachambua maharagi, na yeye alisimama mbele yangu kusema masomo kwa kichwa. Sikuelewa hata neno moja, lakini niliangalia uso. Mutu akijua kitu, macho yake inatulia. Akitafuta, macho inapanda kwa mabati. Macho yake ilikuwa imetulia kabisa. Nikaanza kujisifu kwa majirani, "Yule anasema Kifaransa kama radio, hata pumzi hakamate!"

Kasoro ilikuwa ndege. Ndege ya bachuruzi ikishuka, sauti yake inakula maneno yote. Mujukuu alikuwa anangoja ipite, kiisha anaendelea. Siku moja ndege ikashuka mara mbili, na kila mara alianza na neno moja ndefu yenye mukia kama panya: amortisma. Nikasema ndani ya roho, lakini ile mukia niliiona jana. Na juzi pia.

Nikaweka lungo chini.

"Leta kaye."

"Mukaka," njo vile tunaita bibi, "unataka nini na kaye? Ulijifunza kusoma lini?"

"Leta, nimesema."

Nikaifungua. Karatasi ya mbele, kama kumi hivi, ilikuwa nyeusi kwa vidole, pembe yake imejikunja. Ile ingine yote, mpaka gamba ya nyuma, ilikuwa nyeupe kama unga ya muhogo, na imeshikamana sawa vile kitenge ya duka haijafunguliwa. Ile siku nilimutukana. Nilimuita muvivu, nilimuita mudanganyi, nilimuambia anasimama mbele yangu kunidanganya na kinywa ile nililisha mimi. Jirani alitosha kichwa kwa mulango kuangalia kama kuna mutu amekufa.

Yeye alikamata kaye, akaifunga. Kiisha akasema, "Mukaka, nikishinda nitaenda Beni. Nikishindwa nitabaki hapa."

"Na Beni iko na nini?"

"Beni haina kitu. Ni barabara."

Hapo nikajua. Kulikuwa musichana moja balisoma naye. Alikuwa anaenda Beni ndani ya kamyo, na kwa barieri, kizuizi ya basoda, bakakuta karatasi ndani ya saki yake. Wakati ile, kijana mwenye karatasi alikuwa mutu wa kubeba barua ya batu ya pori, hawaulize mara mbili. Balimushusha. Balimuweka siku mbili. Alirudi, lakini kiisha ile hakutoka tena kwa mulango ya nyumba yao, na mama yake hakutaka mutu aulize.

Mimi nilijua ile habari. Soko yote ilijua. Lakini nilikuwa nimeiweka fasi yake, na konkuru nimeiweka fasi yake, sawa vile zilikuwa vitu mbili zisizojuana.

Sikumuomba musamaha. Kwetu mukubwa haombe mutoto musamaha, anamupa nyama. Nilichinja kuku, nikamupa paja na firigisi, akakula, tukaelewana.

Siku ilibaki tisa. Alianza kusoma zile karatasi nyeupe, na mimi nilianza kutafuta namna ya kumupitisha. Nilifikiri nikichambua, nikifua, nikikaa kanisani. Mwisho nikapata, na nikajiona mwenye akili kuliko bamonseigneur, baaskofu bote.

"Tutaenda kama banawake ya shamba," nikamuambia. "Nani anatafuta barua kwa mwanamuke wa mashu?"

Shu ni kabichi. Huku kwetu mulimani inaota kubwa, ngumu kama jiwe, na Beni, kwenye joto, banaipenda. Nilichagua moja, ile muzuri kuliko yote, majani imefungana vizuri. Nikafungua majani ya inje polepole, moja moja, bila kupasua. Nikakunja diplome na karatasi ya kujiandikisha ndani ya nailoni, nikaiweka ndani, nikarudisha majani, nikafunga na nyuzi ya ndizi. Hata mimi, kama nilikuwa munuzi, ningeinunua.

Kazi ilikuwa mutoto mwenyewe. Nilimuvalisha kitenge yangu ya shamba, nikamupaka majivu kwa miguu. Lakini kubeba kitunga alikuwa hajue. Kwetu tunabeba kwa mugongo, kamba inapita kwa kipaji ya uso, na kamba ile inaacha alama ambayo unaenda nayo kaburini. Myaka yote nilimukataza. Nilitaka kipaji yake ibaki laini. Sasa ile kitu nilijisifu nayo ilikuwa inaweza kutuuza. Alijifunza kwa uwanja, na viazi, anaenda anarudi, shingo imekaza.

"Unatembea kama mutu mwenye kubeba yai," nikamuambia.

"Mukaka, na wewe ulitembea namna gani mara ya kwanza?"

"Mimi nilikuwa na myaka sita. Nilianguka."

Tukaenda, siku moja mbele ya konkuru, ndani ya kamyo ya mizigo pamoja na banawake bengine ya soko. Shu yenye diplome ilikuwa chini kabisa ya kitunga yangu. Katikati ya njia kamyo ikasimama juu ya maji ya moteri, kwa sababu ilikuwa imekauka. Tukashuka, tukanunua avoka, tukaongea habari ya bei, habari ya magonjwa, habari ya bakwe. Na wakati nilikuwa naongea, mikono yangu ilikuwa ndani ya kitunga.

Hapa lazima nieleze. Mwanamuke aliyeuza sokoni myaka makumi tatu, mikono yake haingoje kichwa. Kitunga ikitikisika ndani ya kamyo, unaipanga upya: ile mubaya inaenda chini, ile muzuri inakuja juu, munuzi akipita aione ya kwanza. Unafanya vile unacheka, unafanya vile unasali rozari. Nilipanga kitunga yangu vizuri kabisa. Na sikuona nimefanya nini.

Tukafika kwa barieri. Pale kila mutu anashuka na mizigo yake, anapita kwa miguu. Kila mwanamuke anaacha kitu: mwenye kuni anaacha kijiti, mwenye maharagi kopo moja, mwenye mashu shu moja. Hakuna mutu anauliza. Tulikuwa tumeishazoea, tunatayarishaka ile mubaya mapema, ile imeliwa na wadudu, tunaishika mukononi. Nikaitupa yangu juu ya ingine.

Musoda moja mwenye ndevu akaiokota, akaigeuza, akaniita bibi kwa Lingala.

"Koko, hii unapea nguruwe?"

Banawake nyuma yangu bakacheka. Mimi pia nikacheka, nikamuambia, "Baba, jua imeichoma, lakini roho yake iko muzuri."

"Roho kula wewe." Akanyoosha mukono juu ya bega yangu, akakamata ile ya juu ya kitunga. Nikaona nyuzi ya ndizi, fundo ile nilifunga mimi mwenyewe.

Nikasema, "Ile hapana, baba. Kamata ingine."

"Juu ya nini?"

"Kamata mbili. Kamata tatu. Ile uache."

Mama moja nyuma yangu akasema kwa nguvu, "Wee! Akili imetoka? Tatu kwa moja?" Na kweli, maisha yangu yote sikukuwa nimefanya biashara mubaya vile mbele ya batu. Nilikuwa nataka kuokoa na nikaharibu zaidi. Musoda akaacha kucheka. Akagonga shu na kidole, namna munagonga nyungu kusikia kama imepasuka.

"Koko. Iko na nini ndani?"

Nilinyoosha mukono kuikamata, akaivuta nyuma.

Hapo mujukuu wangu akatosha kamba kwa kipaji, akaweka kitunga chini. Komanda alikuwa amekaa kwa kiti, chini ya hema ya plastiki, ananyoa ndevu na kioo kidogo. Mutoto akaenda kwake. Nikamuambia kwa Kinande asimame. Hakusimama. Akafika mbele ya yule mutu, na miguu yake ya majivu, akaanza kusema Kifaransa.

Mimi nilisikia tu "mon commandant" na "concours." Lakini niliangalia uso yake, kama kila siku. Macho ilikuwa imetulia, na safari hii haikuwa ya kudanganya.

Komanda akaweka kiwembe chini. "Yaka," akamuambia mwenye ndevu, na yule akaleta shu. Bakakata nyuzi, bakafungua majani, moja, mbili, tatu, nailoni ikatoka. Komanda akapanguza povu ya sabuni, akasoma karatasi yote, akageuza, akasoma na nyuma, ambako hakuna kitu. Kiisha akauliza kwa Kiswahili, sote tusikie:

"Kama iko ya masomo, juu ya nini uliificha?"

"Juu yenu," akasema mutoto.

Shofere alizima moteri, na sijue juu gani aliizima. Nilianza Salamu Maria na nikasahau ile maneno inafuata, mimi niliyeisema tangu utoto.

Komanda akamuangalia kipaji.

"Wewe kitunga haujabeba hata siku moja."

"Nilianza wiki hii."

"Inaonekana." Akakunja karatasi, akarudisha ndani ya nailoni, akamupa. "Hii ni yako. Shu ni yetu. Kende! Muende!"

Mwenye ndevu akakuja kwangu, akakamata ingine mbili. "Koko, si ulisema tatu?"

Nikamuambia asante. Asante! Kwa mutu aliyenikamatia mashu tatu.

Tukapanda kamyo, tukapita kona. Kiisha bote bakasema pamoja. Yule mama wa nyuma alimukumbatia mutoto, anasema "wasingya, wasingya," asante ya Kinande, sawa vile amemuzalia. Mutoto alikuwa anatazama inje, na karatasi yake mukononi, haikufichwa tena.

Batu bananiambiaka alifanya vizuri. Mimi siseme vile. Kuficha ilituokoa mara mingi: tulificha maharagi, tulificha mabinti, tulificha hata nguo ya misa. Na yule musichana mwengine, pengine naye alisema Kifaransa, pengine na sauti muzuri kuliko ya mujukuu wangu. Kama komanda aliamuka ile siku na meno inamuuma, habari yangu ingekuwa ingine, na nisingeisimulia. Ile tu najua ni kwamba akili yangu yote ilimufikisha mpaka kwa barieri, na pale ikaisha. Ile ilibaki aliifanya yeye.

Kesho yake, Beni, aliosha miguu, akavaa jupe ya bleu na shemise nyeupe ya ndugu yetu aliyetupokea, akaingia. Vijana balikuwa bamejaza uwanja. Mimi nilikaa upande ya pili ya barabara na mashu iliyobaki, juu siwezi kukaa bure. Niliuza yote mbele hajatoka.

Alipotoka nikamuuliza, "Baliuliza nini?"

"Baliuliza nyeupe, Mukaka."

"Yote?"

"Nusu."

Siku tatu kiisha, bakabandika majina kwa ukuta. Kulikuwa musitari mwekundu: wa juu bameingia, wa chini barudi kwao. Nilimuambia aniwekee kidole pale jina yake iko. Akaweka. Ilikuwa ya tatu chini ya musitari. Nilisimama pale natazama ile karibu. Ingekuwa mbali, ingeuma kidogo.

Tulitaka kurudi Butembo, lakini barabara ikafungwa. Balipigana kule njiani, kamyo hakuna, hata baiskeli hakuna. Tukabaki Beni, nikafua nguo ya batu, yeye akasaidia watoto ya ndugu yetu masomo. Juma ikapita, na ingine. Chuo ikafungua milango. Kila siku mutoto alikuwa anapita pale, ananiambia anaenda kununua chumvi. Chumvi ilijaa nyumba.

Siku moja alirudi bila chumvi, akakaa chini. Mukubwa wa chuo alingoja bale ya juu ya musitari siku kazaa. Bale ya Beni balikuja. Lakini bengine, bale balirudi Butembo na Lubero kiisha mutihani, viti yao ilibaki wazi. Basi akaanza kushuka kwa ile orodha, anaita bale bako karibu. Alimuita.

Nilipiga kigelegele mpaka majirani bakakuja. Yeye hakucheka.

"Mukaka, ile ni kiti ya mutu."

"Mutu hakukuja."

"Hakukuja juu ya barabara. Kama mimi."

Mimi nilizoea: mwenye kufika sokoni mapema njo anakamata meza, na mwenye kuchelewa anauza chini. Sikukuwa nimefikiri kama kuchelewa iko na sababu. Mwisho nilimuambia, "Kaa ndani yake. Ukiiacha, yule hatafika juu ya ile." Ilikuwa kweli, na haikumutosha, niliona kwa macho. Lakini alienda, akakaa, akasoma karatasi zote, nyeusi na nyeupe, mpaka akamaliza. Leo anafundisha bengine, na mimi nasema sokoni kila siku, anayechoka kusikia ahame.

Barabara ilipofunguka nilirudi Butembo peke yangu, na nikaanza ugonjwa moja. Nilikuwa naangalia mabinti ya umri yake, bale banauza ndizi na sabuni kandokando ya soko, natafuta nani kati yao alikuwa juu ya musitari. Haiandikwe kwa uso. Siku moja niliona moja aliyekuwa anauza nyanya na alikuwa anahesabu haraka sana, kwa kichwa, bila vidole. Nikasimama mbele yake.

"Binti wangu, wewe ulisoma wapi?"

Akaniangalia kutoka kichwa mpaka miguu.

"Mukaka, unanunua ao haununue?"

Nikanunua.